Imba Kabla Hujapuliza

Hotuba kwa vijana wa bendi za tarumbeta, walimu na wazazi wao, Kisumu

Wazee wetu, akina mama, walimu wa bendi, nanyi vijana mliofika na masanduku yenu kutoka Vihiga, Kakamega, Siaya na mitaa ya hapa mjini, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mafundi wa tarumbeta la jazi: tuwasikilize vipi, na tujifunze nini kwao. Nina jambo moja tu la kusema, na mengine yote nitakayoyasema ni ya kulitetea. Hujaisikia solo ya tarumbeta mpaka uweze kuiimba. Hata ukiwa na vidole vyepesi na midomo yenye nguvu, ikiwa kauli yenyewe, yaani kile kifungu cha muziki chenye mwanzo na mwisho wake, haijakaa kooni mwako, utapuliza nota zote kwa mpangilio wake na msikilizaji atarudi nyumbani mikono mitupu.

Tuanze na kazi yenyewe. Tarehe 28 Juni 1928, mjini Chicago, mpiga tarumbeta Mmarekani Louis Armstrong aliingia studio na wenzake watano kurekodi "West End Blues", utungo wa Joe Oliver, mtu aliyekuwa mwalimu wake. Armstrong alikuwa na miaka 26. Santuri za siku hizo zilibeba dakika tatu na kidogo kila upande, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya porojo. Badala ya kuanza na bendi nzima, alianza peke yake. Hakuna piano, hakuna banjo, hakuna wa kumpigia pigo. Anaweka nota nne nzito, moja baada ya nyingine, na tayari kichwa chako kimeanza kutikisika ingawa hakuna ngoma. Kisha anapanda mbio hadi juu, anageuka, anashuka kwa kujipinda, mara haraka, mara polepole, hadi bendi inapompokea. Sekunde hazifiki 20. Katika sekunde hizo ulimwengu wa muziki ulijulishwa kwamba mtu mmoja mwenye tarumbeta anaweza kubeba simulizi nzima.

Vijana nikiwawekea rekodi hiyo, hushangilia ule mpando wa mwanzo. Wana haki. Lakini mimi huwaomba wavumilie hadi mzunguko wa mwisho, maana hapo ndipo penye somo kubwa zaidi. Mtu ambaye dakika tatu zilizopita alituonyesha kwamba anaweza kufanya lolote, sasa anachukua nota moja ya juu na kuishikilia. Anaishikilia karibu vipimo vinne, yaani mapigo kama 16, bendi ikitembea chini yake. Haitikisi ovyo, haikimbii. Unaanza kujiuliza pumzi itatoka wapi, na wakati huohuo unataka isiishe. Halafu anaiachia, na nota zinamwagika kwenda chini kauli kwa kauli. Kama angaliijaza nafasi ile kwa mbwembwe, tungalimsifu kisha tukasahau.

Na katikati ya rekodi hiyohiyo kuna jambo ambalo wengi hulipita. Armstrong anaweka tarumbeta chini na kuimba bila maneno, akijibizana na klarineti. Sikilizeni sauti ile kwa makini, kisha mrudi kwenye tarumbeta lake. Ni mtu yuleyule, kauli zilezile, namna ileile ya kuchelewa kidogo nyuma ya pigo kisha kulifikia bila haraka. Hakuwa na muziki mmoja wa koo na mwingine wa tarumbeta.

Naomba sasa mnivumilie nieleze chombo chenyewe, kwa ajili ya wazazi ambao hawajawahi kukishika. Tarumbeta lina pistoni tatu tu. Kwa pistoni tatu hizo mpigaji hutoa nota zaidi ya 30. Zinatoka wapi? Bila kubonyeza chochote, ukikaza midomo na kuipa pumzi kasi, bomba lilelile hutoa nota ya chini, ya kati, ya juu, na ya juu zaidi. Pistoni kazi yake ni kuongeza urefu wa bomba: ya pili hushusha nusu sauti, ya kwanza sauti nzima, ya tatu sauti moja na nusu. Mengine yote ni ya midomo, pumzi na sikio. Mpiga piano akigusa kibao, nota hutoka hata kama mawazo yake yako sokoni Kibuye. Mpiga tarumbeta asipoisikia nota kichwani kabla ya kuipuliza, ataikosa na kuangukia ya jirani, vidole vikiwa mahali pake sawasawa. Walimu wa bendi mnanielewa. Mnayasikia hayo kila Jumamosi. Kwa hiyo ninaposema imbeni kwanza, sisemi habari ya kupamba mazoezi. Kuimba ndiko kunakoiambia midomo pa kwenda.

Kuna mtu ataniambia: Mwalimu, jazi ni muziki wa mbali, masikio yetu hayakulelewa nayo. Mimi nasema masikio ya watu wa huku yamelelewa vizuri mno kwa kazi hii. Nendeni Isukha na Idakho mkasikilize isukuti: ngoma kubwa, ya kati na ndogo zikizungumza, pembe ya swala ikilia juu yake, kiongozi akitoa kauli na watu wakimjibu. UNESCO iliiweka ngoma hiyo mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mtu anayejua lini kiongozi wa isukuti atawarudia wenzake, anajua tayari nusu ya yale anayohitaji ili amfuate Armstrong akijibizana na klarineti. Au chukueni benga. Shirati Jazz ya D. O. Misiani, Victoria Jazz: uimbaji unanyamaza, gitaa la solo linachukua usukani, besi inalisukuma, na watu ukumbini wanajua bila kuambiwa kwamba sasa ndipo penyewe. Mnajua kungoja solo. Mnajua kuitambua inapofika kileleni na inapokwisha. Msikilizaji wa jazi huko New York hana sikio la tatu ambalo ninyi hamna.

Na kuhusu bendi zenyewe, hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kanisa la Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kenya mwaka 1921, na huku magharibi bendi zake za shaba ziliota mizizi hasa. Makao makuu ya Jeshi kwa eneo la Kenya Magharibi yako Kakamega. Nani hapa hajaona bendi ikitangulia mbele ya jeneza, bendera ikipepea, koneti, yule ndugu mfupi wa tarumbeta, na ngoma kubwa vikiisindikiza familia makaburini? Basi huko New Orleans, mji alikozaliwa Armstrong mwaka 1901, walikuwa na desturi hiyo, na wanayo hadi leo. Bendi hupiga nyimbo za kanisani polepole kwenda makaburini. Wakishazika, wakiondoka pale, ngoma hubadilika, muziki huchangamka, na watu hufuata wakicheza barabarani. Wapigaji wa kwanza wa jazi walilelewa katika bendi hizo za matembezi. Armstrong mwenyewe alifundishwa koneti katika nyumba ya kurekebisha watoto, alikopelekwa baada ya kufyatua bastola hewani mkesha wa mwaka mpya wa 1913. Bwana aliyeitwa Peter Davis aliongoza bendi ya watoto pale, na hatimaye akampa Louis nafasi ya kuiongoza. Kijana mwenye koneti ya kanisa, iliyobonyea huku na huku, asione haya. Armstrong naye alianza na koneti.

Mwaka 1960 mtu huyo alizuru Afrika. Aliketishwa kitini akabebwa juu juu na watu kule Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na safari hiyo ikamfikisha Nairobi pia. Wapo wazee nchini waliomwona kwa macho. Ukimpata mmoja wao, keti naye, mwulize alisikia nini.

Sasa niwaambie habari za Clifford Brown, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huyu ndiye ningependa kila kijana humu amjue kwa jina.

Alizaliwa Wilmington, Delaware, mwaka 1930. Alisoma hisabati kwa muda chuoni kabla ya kuingia muziki moja kwa moja. Mwaka 1950 alipata ajali mbaya ya gari, akalazwa hospitalini miezi mingi. Dizzy Gillespie, aliyekuwa bingwa wa tarumbeta wakati huo, alikwenda kumtazama na kumsihi asiache muziki. Hakuacha. Kati ya 1954 na 1956, akiwa na mpiga ngoma Max Roach, alirekodi muziki ambao wapiga tarumbeta wa dunia nzima bado wanauchambua nota kwa nota. Tarehe 26 Juni 1956, usiku, akiwa safarini kwenda kupiga, gari lilitoka barabarani Pennsylvania. Yeye, mpiga piano wao Richie Powell, na Nancy mke wa Richie walifariki wote. Clifford alikuwa na miaka 25.

Sikilizeni "Cherokee" aliyoirekodi na Roach mwaka 1955. Ni wimbo wa kasi ya kutisha. Mara ya kwanza utasikia mbio tu. Basi fanya hivi: simu nyingi sasa zina programu za kupunguza kasi ya rekodi bila kuishusha sauti. Punguza hadi nusu. Utastaajabu. Kumbe kila nota ina mwanzo na mwisho wake, ulimi umeigusa, hakuna iliyomezwa. Kumbe zile nota nyingi zimegawanyika katika kauli, na kila kauli inaanza mahali fulani, inapanda kwa sababu, inatua. Kumbe inaimbika! Hapo ndipo mtu anapotambua kwamba kasi ya Clifford ilikuja baadaye. Kilichokuja kwanza ni wimbo, na wimbo ulikuwa mzuri hata ukiuchukua kwa mwendo wa kwenda kuteka maji. Wapo wapigaji wa kasi ambao ukiwapunguza hivyo unakuta ngazi za mazoezi zimepangwa tu, juu, chini, juu, chini. Siwapendi, na sioni aibu kusema hivyo.

Nataka wazazi wasikilize jambo hili pia. Najua wengi mna wasiwasi na jazi. Mnasema ni muziki wa baa, wa pombe, wa watu waliopotea. Sitawadanganya: madawa yaliwaua wengi. Fats Navarro, mpigaji ambaye Clifford alimpenda kuliko wote, alifariki mwaka 1950 akiwa na miaka 26, kifua kikuu na heroini vimemmaliza. Lakini Clifford alikulia mazingira hayohayo akayakataa yote hayo, akafanya mazoezi, akawa mpole kwa kila mtu. Sonny Rollins, mpiga saksafoni aliyekuwa naye bendini, alieleza baadaye kwamba Clifford ndiye aliyemwonyesha kuwa mtu anaweza kuishi maisha safi na bado akawa mwanamuziki hodari wa jazi. Tena mkumbuke kwamba miaka ya 1970 kanisa moja la Kibaptisti huko New Orleans, Fairview, lilikuwa na bendi ya watoto iliyoongozwa na mzee Danny Barker. Mmoja wa watoto hao ni mpiga tarumbeta Wynton Marsalis. Mwaka 1984 alipata tuzo ya Grammy ya jazi na ya muziki wa kiorkestra kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Bendi ya watoto wa kanisa, jamani.

Gillespie nimemtaja, neno moja tu juu yake. Mtamwona katika picha amefura mashavu, na tarumbeta lake limepinda, mdomo mpana wa chombo ukitazama juu. Tarumbeta lilipindwa kwa ajali mwaka 1953, mtu aliliangukia jukwaani. Akalipuliza, akaipenda sauti yake, akaagiza litengenezwe jingine la namna hiyo. Mashavu yake msiyaige. Igeni jinsi anavyoweka mapigo.

Na kuna Miles Davis. Alifika New York mwaka 1944 akiwa na miaka 18, enzi ambayo kila kijana alitaka kupiga juu na haraka kama Gillespie. Miles hakuwa na mwili wa tarumbeta wa namna ile, na alilijua hilo. Akabaki katikati ya ngazi, mahali ambapo binadamu huzungumzia. Akaondoa nota. Sikilizeni albamu yake ya 1959, "Kind of Blue", na mhesabu si nota bali mapengo. Anapiga nota tatu, anaacha nafasi, na besi na piano vinapata pa kusemea. Kijana wa bendi ya shule akiona pengo huogopa, akalijaza. Miles analiacha wazi na wewe msikilizaji unajikuta unaegemea mbele. Je, huo nao ni ustadi wa juu? Nasema ndiyo, na ni mgumu kuuiga kuliko wa Clifford, kwa maana mazoezi ya vidole hayatakufikisha huko. Lakini ukimwimba Miles utaipata, kwa sababu unapoimba ni lazima upumue, na ukipumua umeacha pengo mahali pake.

Niseme juu ya midomo, kwa kuwa kuna watoto humu wanaojiumiza. Mtu akitaka nota ya juu, hukandamiza kinywa cha tarumbeta kwenye mdomo hadi damu ikimbie. Nota hutoka, ndiyo, kwa siku chache. Armstrong alipiga nota za juu usiku baada ya usiku hadi midomo yake ikapasuka, na katikati ya miaka ya 1930 ilimlazimu kupumzika kwa miezi. Alibaki na makovu maisha yake yote. Kama huyo mkubwa alilipa hivyo, wewe wa gredi ya nane utalipaje? Nota ndefu, chini, taratibu. Pumzika kwa muda uleule uliopuliza. Na ukiwa unapumzisha midomo, imba. Koo halihitaji pistoni.

Mazoezi yenyewe ni haya. Chagua rekodi moja, moja tu, ukae nayo mwezi mzima. Vifurushi vya intaneti ni ghali, kwa hiyo ipakue mara moja uwatumie wenzako kwa Bluetooth. Usiisikilize kwa spika ndogo ya simu, maana besi haitatoka, na bila besi hujui mpiga tarumbeta amesimama juu ya nini. Tafuta vifaa vya masikioni au redio ya nyumbani. Siku za kwanza msahau mwenye tarumbeta kabisa. Fuata besi. Fuata ngoma. Ukishajua nyumba ilivyojengwa, ndipo umrudie mwenye solo, umwimbe kauli moja hadi ikae, kisha ya pili. Imba ukienda shule, ukiosha vyombo, ukingoja matatu Kondele. Ukikwama mahali, hapo ndipo ulikuwa hujasikia. Tarumbeta lifunguliwe wiki ya mwisho. Utashangaa vidole vinavyojipata vyenyewe.

Na ukishamwimba Armstrong, ukamwimba Clifford, mwimbe pia Hugh Masekela. Alikuwa mvulana wa shule Afrika Kusini, padri Trevor Huddleston akampatia tarumbeta na kuwaanzishia wavulana bendi. Mwaka 1956 Armstrong mwenyewe akawatumia tarumbeta kutoka Marekani. Masekela alipoondoka nchini mwake mwaka 1960 akaenda kusoma New York, wakubwa hao wa jazi walimhimiza asiwe nakala yao, apige yaliyo ya kwao. Ukisikia tarumbeta lake unasikia vitongoji vya Afrika Kusini, treni za wachimba migodi, harusi za kwao. Ndilo swali ninalowaachia wapigaji wa hapa: nani atakayepiga tarumbeta, na mtu wa Ahero au Chavakali akasema, huyu ni wetu, hata kabla hajaambiwa jina?

Basi tufanye kazi sasa. Masanduku yabaki yamefungwa. Nitaweka "Joy Spring", utungo wa Clifford mwenyewe, ile rekodi ya 1954. Sikilizeni vipimo vinane vya kwanza, halafu mtasikia kauli ileile ikirudi nusu sauti juu. Mara ya kwanza tutasikiliza tu. Mara ya pili upande huu wa kulia utaimba vile vinane vya kwanza, upande wa kushoto uchukue pale inapopanda. Akina mama wa kwaya, mnakaribishwa mkae upande wa kushoto, maana hiyo nusu sauti huwashinda vijana na tutahitaji msaada wenu. Anayeshughulikia spika, naomba uongeze besi kidogo.